Muongo wa Waendao kwa Miguu: Filamu za Afrika za Miaka ya 1970

Katika filamu za Kiafrika za miaka ya 1970 kuna tendo moja linalojirudia kuliko mapigano, kuliko mapenzi na kuliko hotuba za wanasiasa: mtu anatembea kwa miguu, na kamera inamsubiri afike. Anatembea mkulima nyuma ya ng'ombe wake, anatembea mwanamke anayemtafuta mumewe gerezani, wanatembea ombaomba waliotupwa nje ya mji wakirudi mjini, na mara nyingi mwongozaji haikati safari hiyo pale ambapo mwenzake wa Hollywood angekwisha kuikata zamani. Kwa watazamaji wengi wa leo huo ndio udhaifu wa filamu hizo. Husemwa kwamba zinakwenda polepole na kwamba hakuna kinachotokea. Mimi ninazipenda kuliko filamu za muongo mwingine wowote, na ninazipenda kwa sababu hiyo hiyo. Ninaamini kwamba waongozaji wa wakati ule walitambua kuwa njia ya haki kabisa ya kumwonyesha mnyonge kwenye pazia ni kumpa muda wake wote njiani, na kwamba swali la nani anatembea na nani anapanda gari lilikuwa kwao ndilo swali la siasa lenyewe.

Hakuna filamu inayolithibitisha jambo hili kama Sambizanga, iliyoongozwa na Sarah Maldoror mwaka 1972. Maldoror alizaliwa Ufaransa, baba yake akiwa na asili ya Guadeloupe. Alisomea sinema Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati mmoja na Ousmane Sembène wa Senegal, akafanya kazi ya usaidizi katika The Battle of Algiers, filamu ya vita vya uhuru wa Algeria, na mwenzi wake wa maisha alikuwa Mário Pinto de Andrade, mmoja wa waasisi wa MPLA, chama kilichopigania uhuru wa Angola. Kisa kilitokana na kitabu cha José Luandino Vieira, mwandishi aliyefungwa na Wareno kwa miaka mingi, na kwa kuwa Angola ilikuwa bado mikononi mwa Ureno, picha zilipigwa Kongo-Brazzaville, huku wengi wa walioigiza wakiwa watu wa harakati wenyewe wala si waigizaji wa kulipwa.

Kisa hicho kinaelezeka kwa maneno machache. Domingos Xavier, dereva wa trekta ambaye kwa siri ni mwanaharakati, anakamatwa nyumbani kwake na kupelekwa Luanda, ambako anapigwa mpaka kufa kwa kukataa kumtaja mwenzake. Mkewe Maria anamfunga mtoto mgongoni na kutoka kwenda kumtafuta. Maelezo hayo, hata hivyo, hayagusi kiini cha filamu, kwa sababu kiini chake ni njia. Maria anauliza kituo kimoja, anaambiwa mumewe hayupo, anaelekezwa kwingine, anatembea tena, anakaa chini, anamtuliza mtoto, anainuka. Maldoror alipata kueleza kwamba alichotaka kuonyesha ni upweke wa mwanamke na muda unaotumika katika mwendo, na ukiitazama filamu huku umeyashika maneno hayo unaona kwamba mwendo ule haukuwekwa uwe pumziko kati ya tukio moja na jingine. Mwendo ndio tukio. Kila hatua ya Maria inampeleka karibu na mtu ambaye sisi tunaona anakufa, na kwa kuwa mwongozaji hatupunguzii hata hatua moja, tunaanza kuyahesabu maisha ya Domingos kwa nyayo za mkewe.

Ustadi mkubwa zaidi uko katika namna filamu inavyozipanga habari. Luanda kuna mtandao wa siri wa watu wa kawaida, wakiwamo mtoto Zito, mzee Petelo na fundi cherehani Mussunda, ambao wamepata habari kwamba kuna mfungwa mgeni ameletwa, nao wanataka kujua ni nani ili jamaa zake waarifiwe na wenzake wajihadhari. Mtandao unajua alipo lakini haujui jina lake. Maria analijua jina lakini hajui alipo. Pande mbili za ukweli mmoja zinatembea kwa miguu kuelekeana, moja katika vichochoro vya mji na nyingine kutoka shamba, na gari la kuwahi liko mikononi mwa polisi. Sijaona filamu nyingine iliyoueleza ukoloni kwa hesabu nyepesi na chungu namna hii: mtawala ni yule anayewahi kufika. Silaha alizo nazo ni jambo la pili. La kwanza ni kwamba gari lake limekwisha kuondoka kabla mke hajafunga mtoto wake mgongoni.

Wakati ilipotoka, wako waliolalamika kwamba filamu ilikuwa nzuri mno kwa macho, kwamba rangi zake na sura ya Elisa Andrade, aliyeigiza Maria, vilipunguza ukali wa vita vya ukombozi. Lawama hiyo siiafiki hata kidogo. Aliyezoea kumwona Mwafrika maskini kwenye pazia akiwa amefunikwa na vumbi na nzi ndiye anayeudhika anapoona kwamba nguo ya Maria ina rangi, kwamba mto na majani ya kando ya njia vina uzuri wake, na kwamba kuna upole nyumbani kwa Domingos kabla ya kukamatwa. Ni lazima tukijue kilichoporwa ndipo tuupime wizi. Hata mwisho wa filamu unafuata imani hiyo: habari ya kifo inatangazwa katikati ya dansi, muziki unasimama, kisha unaruhusiwa kuendelea, kwa sababu waliomo ukumbini wana jambo la kupanga. Tarehe 4 Februari 1961 magereza ya Luanda yalivamiwa, na mtazamaji wa mwaka 1972 alilijua hilo bila kuonyeshwa risasi hata moja.

Kutoka kwa Maldoror ninakwenda moja kwa moja kwa Sembène, kwa kuwa yeye ndiye aliyeendeleza swali la gari na mguu mpaka baada ya bendera kubadilishwa. Sembène alikuwa kuli wa bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi wa riwaya, na alikuwa amekwisha kufika miaka arobaini alipoanza kutengeneza filamu, akisema wazi kwamba vitabu vyake vya Kifaransa havikuweza kuwafikia watu aliowaandikia. Xala, ya mwaka 1975, inaanza na wafanyabiashara wa Dakar wakilichukua Baraza la Biashara kutoka kwa Wafaransa kwa ngoma na shangwe. Dakika chache baadaye Wafaransa wale wale wanarudi na mikoba iliyojaa noti, kila mjumbe anafungua wake, anatabasamu, na utawala mpya umekwisha kununuliwa. Mmoja wa wajumbe hao, El Hadji Abdou Kader Beye, anatumia fungu lake kuoa mke wa tatu, na usiku wa harusi anakuta nguvu za kiume zimemtoka. Filamu nzima ni habari ya kumtafuta aliyemfunga, kutoka mganga mmoja hadi mwingine, wa kwanza asifanikiwe na wa pili akilipwa kwa hundi isiyo na fedha.

Watu hucheka sana katika Xala, na ni haki yao. El Hadji ana Benzi ambalo dereva huliosha kwa maji ya chupa yaliyotoka Ufaransa, naye mwenyewe hanywi maji mengine. Binti yake Rama, anayekwenda kwa pikipiki ndogo na kumjibu kwa Kiwolofu kila anaposemeshwa Kifaransa, anakataa maji hayo yanapotajwa kwake. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa tumekwisha kulipa tabaka hilo jina la wabenzi, na Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limejaribu kuwawekea viongozi mipaka ya mali, kwa hiyo Mswahili hahitaji mkalimani kumwelewa El Hadji. Lakini katikati ya kicheko Sembène ameweka kipande ambacho kwangu ndicho kipimo cha muongo mzima. El Hadji anaudhika na ombaomba waliokaa mbele ya ofisi yake, simu inapigwa, polisi wanafika, na walemavu, vipofu na wazee wanapakiwa kwenye lori na kumwagwa mbali kabisa na mji, kwenye ardhi kame. Mwongozaji mwingine angeishia hapo, kwa kuwa ukatili umekwisha kueleweka. Sembène anabaki nao. Anawafuata wakianza kurudi, wenye miguu wakiwasubiri wasio na miguu, wengine wakijiburuta kwa mikono juu ya mchanga, vipofu wakiongozwa na wenzao, na kipande kinarefuka mpaka kicheko cha mtazamaji kinamkauka mdomoni.

Umuhimu wa matembezi hayo unaonekana mwishoni tu. El Hadji anafilisika, wenzake wanamfukuza kwenye Baraza, Benzi linachukuliwa, naye sasa anakwenda kwa miguu kama wengine. Na wanaomgongea mlangoni ni wale wale aliowatupa. Wanaingia ndani, wanakula chakula chake, na kipofu mmoja anamweleza kwamba ndiye aliyemfunga, kwa sababu miaka mingi nyuma El Hadji alighushi nyaraka na kuiuza ardhi ya ukoo wao. Dawa yake ni kuvuliwa nguo na kutemewa mate na kila mmoja wao, na hapo ndipo picha inapoganda na filamu inapokoma. Kama Sembène asingetuonyesha safari ya kurudi, kufika kwao kungekuwa mchezo wa mtunzi anayehitaji mwisho. Kwa kuwa tumewaona njiani, tunajua wamekuja kwa haki ya mtu aliyetembea, na hakuna anayewauliza wameingiaje. Wakaguzi wa filamu wa Senegal waliikata Xala sehemu kadhaa kabla ya kuiruhusu, na Sembène akasambaza vikaratasi vilivyowaeleza watazamaji ni vipande gani vimeondolewa, hatua ambayo inastahili kukumbukwa na kila msanii anayefanya kazi chini ya bodi ya ukaguzi.

Msomaji anaweza kudhani sasa kwamba ninachosifu ni upole wa mwendo wa picha tu. Touki Bouki, yaani Safari ya Fisi, inalikanusha hilo. Djibril Diop Mambéty aliitengeneza mwaka 1973 akiwa na umri wa miaka 28, hakuwa amesoma shule yoyote ya sinema, na uhariri wake ni wa haraka na wa kurukaruka, sauti ya mahali pamoja ikiwa juu ya picha ya mahali pengine, machinjio ya ng'ombe yakichanganywa na mapenzi ya ufukweni. Kijana Mory, aliyekuwa mchungaji, na mwanafunzi Anta wanataka kufika Paris kwa njia yoyote, huku wimbo wa Josephine Baker unaousifu mji huo ukirudiwarudiwa masikioni mwao na mwetu. Mory anaendesha pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe lenye pembe kwenye usukani. Kisha wanamwibia tajiri mmoja nguo na gari, na katika gari hilo Mory anasimama uchi akipungia umati usiokuwapo, kama rais anayepita katika gwaride. Hicho ni kipande cha uchekeshaji mkali kabisa kuhusu madaraka katika miaka ile, na sikijui cha kukishinda.

Ukiangalia vizuri, kila chombo cha usafiri katika filamu hiyo ni cha ndoto ya mtu mwingine: gari ni la tajiri, meli ni ya Wafaransa, na hata pikipiki nusu yake ni mnyama aliyechinjwa. Mory anafika mpaka kwenye ngazi ya meli, tiketi ipo, Anta amekwisha kupanda, ndipo honi ya meli inapolia na sauti yake kumchanganyikia na ya ng'ombe wanaopelekwa machinjioni. Anageuka na kukimbia, kwa miguu, kupitia mji mzima, akiitafuta pikipiki yake, na anaikuta imevunjika. Mambéty hatuambii kama Mory ameshinda au ameshindwa. Anta ameondoka, na nchi iliyobaki haina cha kumpa. Lakini kwa dakika chache hizo za mbio, mtu ambaye filamu nzima amekuwa akisafiri kwa mawazo ya wengine amerudishiwa miguu yake mwenyewe, na haraka yote ya uhariri uliotangulia inapata maana. Mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z waliiga picha ya pikipiki hiyo yenye pembe kutangaza ziara yao, na mamilioni ya watu wakaiona bila kuijua filamu ilikotoka.

Haile Gerima alikwenda upande mwingine kabisa. Alizaliwa Gondar, akasomea sinema katika chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, na mwaka 1974, wakati utawala wa Haile Selassie unaporomoka, alirudi Ethiopia akapiga kwa muda mfupi sana filamu ya Kiamhari, kwa picha nyeusi na nyeupe za milimita 16, akiwatumia wakulima wenyewe. Mirt Sost Shi Amit, yaani Mavuno ya Miaka 3000, ilitoka mwaka 1976 na inachukua karibu saa mbili na nusu. Kabaila anakaa kitini na kuamrisha. Familia ya wakulima inalima, inachunga, inabeba, inakwenda na kurudi, tangu alfajiri mpaka giza. Neno kabaila Watanzania wa umri fulani walilisikia kila siku redioni mpaka likapoteza makali; katika filamu hii linapata tena mwili, kiti na sauti ya kukaripia. Binti wa familia anaota ndoto ambamo wazazi wake wamefungwa nira na kuvuta jembe badala ya ng'ombe, na ndoto hiyo inatisha kwa sababu hatuoni tofauti kubwa kati yake na saa nzima ya kazi tuliyoitazama kabla yake. Kebebe, askari wa zamani aliyenyang'anywa ardhi na ambaye watu humchukulia kuwa mwendawazimu, hatimaye anamuua kabaila. Ninakiri kwamba hotuba za Kebebe ni ndefu kuliko filamu inavyohitaji, maana miguu ya wakulima ilikuwa imekwisha kusema hayo yote. Hata hivyo, ningependa kila anayezungumzia kilimo bungeni akae mbele ya filamu hii kwanza.

Med Hondo wa Mauritania, katika Soleil Ô ya mwaka 1970, aliyapeleka matembezi hayo Paris: mhamiaji msomi anazunguka kutafuta kazi na chumba, na katika kipande kimoja anatembea barabarani na mwanamke wa Kizungu huku kamera ikinasa nyuso za wapita njia wa kweli wanavyowakodolea macho. Filamu ilishinda tuzo ya Chui wa Dhahabu katika tamasha la filamu la Locarno, Uswisi. Safi Faye, katika Kaddu Beykat ya mwaka 1975, alirudi katika kijiji cha Waserere wa Senegal na kutuonyesha kijana Ngor, ambaye karanga zimemwangusha na mahari yamemshinda, akienda Dakar kutafuta fedha na kurudi mikono mitupu, akiwa na simulizi tu. Ni filamu tulivu, fupi, na mwanamke aliyeitengeneza anahesabiwa kuwa wa kwanza kusini mwa Sahara kutoa filamu ndefu iliyoingia katika soko la kawaida la maonyesho.

Filamu ya mwisho ya muongo huo ninayoithamini inatuhusu kwa karibu zaidi sisi tulio kaskazini mwa mto Ruvuma. Mueda, Memória e Massacre, ya Ruy Guerra, ilitoka mwaka 1979 na huhesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya maigizo ya Msumbiji huru. Inarekodi watu wa Mueda wakiigiza hadharani, mahali palepale na mbele ya umati wao wenyewe, mauaji ya tarehe 16 Juni 1960, siku ambayo wanajeshi wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kudai haki zao. Miongoni mwa waliofika kuzungumza na mtawala siku ile ni wajumbe waliotoka Tanganyika, ambako maelfu ya Wamakonde walikuwa wamevuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na kuona kwamba upande huu wa mto uhuru ulikuwa unabisha hodi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa mpaka leo, na filamu haijipi kazi ya kuihesabu. Inaonyesha Waafrika wakiwaigiza maofisa wa Kireno, umati ukiangua kicheko kwa maringo yao, kisha kicheko kikikoma. Na manusura wakisimulia mbele ya kamera. Hapa matembezi yametangulia filamu: watu hawa walikwisha kwenda na kurudi, wakati wa kazi, wakati wa kudai na wakati wa vita, na sasa wanasimama walipoanguka ndugu zao na kulisimamia tukio lao wenyewe.

Kuna filamu moja inayoipinga hoja yangu, nayo ni ya Sembène huyo huyo. Katika Ceddo, ya mwaka 1977, watu hawaendi popote. Wanakaa barazani, wanasimama kwa zamu, wanasema, na mfalme anajibiwa kupitia msemaji wake. Mvutano kati ya imamu, padri, mfanyabiashara wa watumwa na watu wa kawaida unafanyika kwa maneno, na nguvu ya filamu iko katika adabu ya mabishano inayovunjwa hatua kwa hatua. Serikali ya Rais Senghor wa Senegal iliizuia kwa kisingizio cha tahajia, kwamba neno la jina lake lilipaswa kuandikwa kwa d moja. Ceddo ninaiweka pamoja na nyingine ninazozipenda, na ninaona kwamba inasimama peke yake kwa sababu inazungumzia wakati ambao watu wa kijiji bado walikuwa na baraza la kukaa. Katika nyingine zote baraza limekwisha vunjwa, na aliyebaki bila pa kukaa lazima atembee.

Wapo wanaoeleza mwendo wa filamu hizi kwa umaskini wa vifaa: kamera moja, waigizaji wasiolipwa, hakuna fedha za matukio makubwa. Ninadhani maelezo hayo yamegeuzwa kichwa chini. Katika miaka ya 1970 mkanda wa filamu ulinunuliwa kwa mita, ulisafishwa Ulaya kwa gharama kubwa, na kila dakika iliyopigwa ilikuwa fedha iliyokwenda. Mwongozaji maskini anayefikiria mfuko wake angeanza kwa kuyakata matembezi, maana ndiyo rahisi kuyaruka: mtu anaonekana akitoka nyumbani, kisha anaonekana amefika. Kutumia mkanda huo wa thamani kwa ombaomba anayejiburuta barabarani, au kwa mwanamke aliyembeba mtoto ambaye bado hajafika, ni uamuzi wa mtu anayejua hasa anachonunua. Jibu lao kwa sinema ya kikoloni, ambayo kwa miongo mingi ilimtumia Mwafrika anayetembea kama mandhari ya nyuma ya safari ya Mzungu, lilikuwa kumleta mbele mtu yule yule na kukaa naye mpaka afike.

Jambo la kusikitisha ni kwamba watu walioonyeshwa katika filamu hizo hawakupata nafasi kubwa ya kuziona. Katika nchi zilizotawaliwa na Ufaransa, makampuni mawili ya kigeni, COMACICO na SECMA, yalishika usambazaji na kumbi nyingi, na filamu za Kiafrika hazikuwa na mahali katika ratiba zao. Volta ya Juu, ambayo leo ni Burkina Faso, ilitaifisha kumbi zake mwaka 1970, na tamasha la Ouagadougou lililoanza mwaka 1969 likawa ndilo uwanja ambako waongozaji hawa waliweza kukutana na hadhira ya bara lao. Huku kwetu kumbi za Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zilijaa kwa filamu za Kihindi, za karate na za Kimarekani, na sina ugomvi na furaha ambayo watu waliipata humo. Tanzania Film Company nayo ilitoa Fimbo ya Mnyonge katikati ya muongo huo, ambamo Yombayomba anahama kwao kwenda kutafuta maisha mjini na hatimaye kuupata wokovu katika kijiji cha ujamaa. Ni filamu yenye nia njema, lakini njia ya Yombayomba ina jibu lililokwisha kuandikwa kabla hajaanza kutembea, na hapo ndipo inapotengana na Sambizanga na Xala, ambazo ziliwaacha watu wao watafute wenyewe.

Leo kikwazo kimebadilika. Touki Bouki ilikarabatiwa mwaka 2008, Soleil Ô na Sambizanga zikafuata kupitia mradi wa pamoja wa taasisi ya Martin Scorsese, shirikisho la waongozaji wa Afrika na UNESCO, na picha zake sasa ni safi. Kinachokosekana kwetu ni sauti ya Kiswahili juu yake, na katika hilo hatuna upungufu wa vipaji: DJ Afro wa Kenya na wenzake wa vibanda umiza vya Tanzania wamethibitisha kwa miaka mingi kwamba msimulizi hodari anaweza kuifanya filamu yoyote ya kigeni kuwa ya mtaani. Ningependa wapewe hizi. Ningeanza na Xala, kwa sababu inachekesha tangu dakika ya kwanza na kila kibanda kitamtambua El Hadji bila maelezo. Sambizanga ingefuata, kwa makubaliano na msimulizi kwamba asijaze maneno pale Maria anapotembea. Touki Bouki ningewapa vijana wanaopanga kuondoka, waibishanie wenyewe. Mavuno ya Miaka 3000 ndiyo ngumu kuliko zote kwa urefu wake, na ingefaa zaidi kuonyeshwa kwa sehemu mbili, hasa vijijini ambako kila kazi inayoonyeshwa humo inajulikana kwa jina. Haki za maonyesho ni suala la mazungumzo na wamiliki, na tamasha la ZIFF, ambalo limekuwa likileta filamu za bara hili Zanzibar tangu mwaka 1998, lina uzoefu wa kutosha kuyaanzisha.